Bertha Amechelewa Kuripoti

Nyololo,
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Verediana,

Kamwene. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Nikishika simu tu, wifi yako Bertha anakuja kusimama mlangoni na kuniuliza naongea na mwanamke gani. Nikimwambia ni Verediana, dada yangu, anasema Verediana alishakufa. Juzi aliichukua simu yenyewe akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Imekauka na inawaka, lakini sina hamu nayo tena. Barua hii nimempa Crispin, kondakta wa basi la Rujewa, aitafutie gari la Madibira.

Daktari ametupa jina la ugonjwa. Anasema ubongo unasinyaa, na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Nikamwuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Akaniambia, "Mzee, uvumilie." Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tano. Mtu asiyekuwa na jibu namjua.

Asubuhi nawasha moto, nampikia uji. Nusu anakunywa, nusu anawamwagia kuku, anawaita Obeid na Timotheo. Timotheo tulimzika akiwa na miaka sita, unakumbuka. Nikimwogesha ananipiga. Shuka nafua kila siku, na kwa ukungu wa huku hazikauki, nazianika juu ya moto mpaka zinanuka moshi, naye anasema nimemlaza kwenye tanuru. Obeid anapiga kutoka Dar: "Baba, nikipata likizo nakuja." Likizo ya tatu hii inapita.

Unajua mimi si mtu wa kuomba. Leo naomba. Ukimaliza kuvuna, njoo hata wiki mbili.

Kaka yako,
Danieli


Madibira,
6 Mei 2024

Kaka Danieli,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama ndani ya jaruba, na kwelea kwelea wakapata nafasi ya kula. Tangu marehemu mume wangu aondoke naamia ndege peke yangu, kuanzia alfajiri mpaka sauti inakauka. Lakini nikuambie, bado wananishangaza. Wapo maelfu, na wanageuka wote kwa mara moja, bila hata mmoja kumgonga mwenzake. Nani anatoa amri? Nimemwuliza bwana shamba, akacheka. Nimemwuliza padri, naye akacheka.

Jumanne na Alhamisi naenda kupima watoto, kazi yangu ile ya kujitolea. Natembea kaya kwa kaya kuangalia nani kakosa chanjo, nani hali chakula. Kidole cha mguu kimechomwa na bua la mpunga, buti linanibana kidogo, si kitu.

Nitakuja, kaka. Nikishaingiza gunia la mwisho ndani, napanda gari. Mwambie wifi sijafa.

Verediana


Nyololo,
19 Mei 2024

Verediana,

Barua yako imenipa nguvu ya siku mbili, halafu ikaisha.

Alitoka nikiwa shambani. Nilimkuta kandokando ya barabara kuu, malori yanapita, yeye ananyoosha mkono kusimamisha gari. Miguu mitupu. Nikamwuliza, "Unakwenda wapi, mama?" Akasema, "Nimechelewa." Kuchelewa wapi, hasemi. Ananitazama kama mtoza ushuru.

Tangu hapo nimepata namna ya kumfanya atulie nikienda kuchimba viazi. Namna yenyewe tutaongea ukija.

Jirani mmoja ameniletea habari za mganga wa upande wa Njombe. Nimemfukuza, lakini sikuwa na uhakika nilipokuwa namfukuza. Kanisani siendi tena. Nikimpeleka anasimama katikati ya mahubiri anamwambia mchungaji aharakishe. Nikimwacha, moyo haukai.

Usingoje gunia la mwisho. Njoo sasa.

Danieli


Madibira,
30 Mei 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Usikasirike. Mavuno yamekuwa na mambo mengi, sitaweza kuja mwezi huu, na pengine hata ujao. Usiniulize sana.

Mimi sijambo. Kuna mama mmoja mzee karibu yangu hapa, mikono inamtetemeka, basi asubuhi namnywesha uji kijiko kwa kijiko. Ananisimulia jinsi walivyokuwa wanapika chumvi zamani. Mwenzake upande wa pili hajui kusoma, namsomea yaliyoandikwa kwenye makaratasi yake ya dawa. Unaona, kazi hazikosekani. Asubuhi kuna baridi ya kukata masikio, najifunika mpaka kichwani.

Mpe wifi kazi ndogondogo. Kuchambua maharage, kukunja nguo. Hata akizikunja vibaya, mwache azikunje.

Mdogo wako,
Verediana


Nyololo,
8 Juni 2024

Verediana,

Kwa hiyo wagonjwa wa watu unawanywesha uji, wa kwenu humjui. Mama yetu alipougua ulikaa naye miezi minne nami nikakushukuru mbele ya ukoo mzima. Leo nakuomba wiki mbili unaniandikia habari za chumvi.

Halafu unasema Madibira kuna baridi ya kukata masikio. Tangu lini? Madibira watu wanalala nje kwa joto. Kama hutaki kuja, sema hutaki. Hata uongo umeshindwa kuutunga.

Jana Bertha alinitemea mate usoni. Nilinyanyua mkono. Sikumpiga, lakini niliunyanyua, na yeye akajikunyata pembeni ya kitanda kama mtoto. Nilitoka nje nikakaa kwenye rundo la kuni mpaka nikasikia baridi kwenye mifupa. Nilikuwa nawaza kwamba mmoja wetu akifa, mwingine atapumzika. Sikuchagua ni nani.

Usijibu barua hii.

Danieli


Madibira,
15 Juni 2024

Kwa Baba Mwalimu Danieli,

Shikamoo baba. Jina langu Ng'washi, mke wa Seni. Sisi ni Wasukuma, tulikuja na ng'ombe huku Usangu mimi nikiwa binti mdogo. Nyumba yetu na ya mama Verediana zinatazamana. Yeye ndiye alinifundisha kuandika nikiwa tayari na watoto watatu, alikuwa anakuja jioni na chaki. Kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Barua yako ya mwisho nimeifungua mimi. Naomba unisamehe. Huwa nazipokea nampelekea bila kufungua, ila hii ilikuwa na maneno makali hata nje, uliandika jina lake bila dada wala ndugu. Nikaogopa kumpelekea kitu cha kumuumiza. Nimeisoma nikalia.

Baba, mama Verediana hayupo Madibira. Yupo hospitali Mbeya. Kile kidole kilichochomwa na bua kilioza. Kumbe alikuwa na kisukari miaka mingi hajui, yeye anapima watoto wa watu tu, mwenyewe hajipimi. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa tano walimkata mguu chini ya goti. Hiyo baridi anayosema ni ya Mbeya. Huyo bibi wa uji ni wa kitanda cha jirani. Barua anaandikia kule, ananitumia, mimi naweka kwenye gari ili zionekane zimetoka huku.

Nilimwambia, "Mama, mwambie kaka yako." Akasema, "Ng'washi, yule mtu amebeba mzigo mpaka shingo imepinda, nisimwongezee mguu wangu." Alinikataza kusema. Mimi nimesema. Kama ni kosa basi ni langu.

Mpunga wake tumevuna sisi, umeingia ndani wote.

Ni mimi,
Ng'washi


Nyololo,
20 Juni 2024

Verediana mdogo wangu,

Ng'washi ameniambia. Usimgombeze.

Kuna barua yangu kali anayo Ng'washi. Sina maneno ya barua ile, kwa hiyo sitayatafuta. Ikikufikia, ichome.

Nakuja Mbeya Jumanne. Bertha siwezi kumwacha kwa mtu, nakuja naye. Nimemshonea mfuko wa ndani wa koti, nimeweka karatasi yenye jina lake na la kijiji. Leo nimemwambia tunakwenda kumwona Verediana hospitalini. Aliposikia neno hospitali aliinuka akaanza kuchana nywele. Sijamwona akichana nywele tangu Krismasi.

Danieli


Makambako,
Jumanne, 25 Juni, saa tisa alasiri

Verediana,

Bertha amepotea.

Basi lilisimama watu wachimbe dawa. Nilimshika mkono mpaka mlango wa choo cha wanawake, nikamwomba mama mmoja aingie naye. Yule mama akatoka, "Mbona ametangulia?" Dakika tatu, Verediana. Stendi yote nimeizunguka. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba wake kwa kuwa alikuwa anataka kuishika yeye. Nimeazima ya mtu nikaipigia, ikaita mara tatu ikazimika. Namba nyingine yoyote siijui kichwani, hata ya Obeid.

Koti lake limebaki kwenye kiti cha basi. Lenye karatasi.

Polisi wameandika. Wananiuliza amevaa nini nami sikumbuki rangi ya gauni nililomvisha mwenyewe asubuhi. Dereva wa gari la Mbeya amekubali kukufikishia hii wodini. Mimi nabaki hapa. Hapa Makambako usiku maji yanaganda kwenye ndoo.

Danieli


Mbeya,
26 Juni 2024

Kaka,

Barua imenifikia jana jioni. Nimeazima simu ya muuguzi, sijairudisha mpaka sasa. Nina wenzangu wa semina za kujitolea kila kata kuanzia Igawa mpaka Makambako, na namba zao nimeziandika kwenye kitabu changu cha kliniki. Nimewapigia wote. Nimewaambia: mwanamke wa miaka sitini na tatu, mrefu, kovu la moto mkono wa kushoto, anasema amechelewa. Hawa wanaingia nyumba ambazo polisi hawaingii. Obeid naye nimempata, yupo njiani.

Nimeandika namba ya muuguzi nyuma ya karatasi. Usiende kumtafuta porini peke yako gizani. Kula. Nakuamuru, ingawa mimi ni mdogo.

Nimelala hapa natazama dari. Mguu haupo lakini unauma, unyayo unawasha. Nimemwuliza daktari inawezekanaje kitu kisichokuwepo kiume. Ameanza kunieleza, nami kwa mara ya kwanza maishani sikusikiliza jibu.

Verediana


Kijijini kwa Esnath, kando ya reli,
30 Juni 2024

Verediana,

Yu hai. Kwenye simu nililia tu, kwa hiyo naandika yale niliyoshindwa kusema.

Mwenzako Esnath alinikuta polisi jana asubuhi. Akasema, "Mzee, njoo, kuna mtu ukamwangalie." Tulikwenda kwa bodaboda karibu nusu saa, tukiifuata reli. Ilikuwa siku ya kupima watoto. Mizani imening'inizwa kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, akina mama wamepanga foleni, na pale mbele amesimama Bertha, kichanga mkononi, anamwambia mama yake, "Mpe titi kwanza. Akilia, mizani haitulii."

Siku ya kwanza bibi mmoja anayeitwa Tekla alimkuta anatetemeka relini. Bibi akamwuliza anakwenda wapi, akamjibu, "Nimechelewa kuripoti hospitali." Bibi akajua ni mtumishi aliyekosa gari, akamlaza, akamlisha. Siku zote hizo Bertha alikuwa anampukuchulia mahindi na kumfagilia uwanja. Hakuna aliyeona ugonjwa. Walisema ni mgeni mpole, msahaulifu.

Nilimwita. Akageuka, kichanga kikaanza kulia kwa jinsi alivyokibana. Akasema mbele ya watu wote, "Msimpe mtu huyu. Huyu anafunga watu kwa kamba."

Esnath akachukua mtoto taratibu, akaniuliza, "Mzee, umesikia. Ni kweli?"

Ningeweza kusema ni ugonjwa. Wangeniamini, ualimu wangu na mvi zangu. Nikasema, "Ni kweli."

Ndiyo ile namna niliyokuandikia Mei. Nilikuwa namfunga kiunoni, mwisho wa kamba kwenye mguu wa kitanda, nikienda shambani. Mwanzoni saa moja. Baadaye asubuhi nzima. Siku moja mvua ilinizuia nikarudi jioni, nikamkuta amejiendea haja palepale, kiuno kimechubuka, analia kwa sauti ndogo kama aliyechoka kulia. Nikamwosha. Kesho yake nikamfunga tena, kwa sababu viazi vilikuwa vinaoza ardhini na sikuwa na mtu. Nimesema "sikuwa na mtu" mara nyingi mpaka nikaliamini. Sikumwomba hata jirani mmoja. Niliona aibu watu waone mke wa mwalimu amekuwa hivyo.

Esnath alisema, "Basi leo haondoki hapa." Sikubisha. Obeid amefika, amesikia yote, hajanitazama machoni. Mimi nalala kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mguu wako unaendeleaje? Naona haya hata kuuliza.

Danieli


Mbeya,
4 Julai 2024

Kaka Danieli,

Nimesoma nikakuchukia. Nakuandikia hivyo kwa sababu tumeshachoshana kwa kufichana. Wifi yangu alinilea nilipokuja kwenu kusoma darasa la saba, alinisuka nywele kila Jumapili. Nimemwona kichwani mwangu na kamba kiunoni nikashindwa kula siku nzima.

Halafu nikajiuliza mimi ningefika lini. Uliniita mara mbili. Ningekuambia kweli ungejua mapema kwamba mimi siji, ungetafuta mtu mwingine. Nilikuacha unangoja, nikajiita mwenye huruma. Ile barua ya chumvi niliiandika siku nane baada ya kukatwa, nimelia mpaka karatasi ya kwanza ikaharibika. Nilimnywesha yule bibi uji ili nisitazame shuka langu lilivyolala bapa upande mmoja. Amekufa Jumapili. Nimebaki na kijiko.

Sasa sikiliza. Usimchukue kwa nguvu. Kaa hapohapo mpaka akuzoee kama mtu mgeni. Na kuna jambo linanisumbua tangu nilipopokea habari zako: anasema amechelewa kuripoti. Barabarani Nyololo alisema amechelewa. Kuripoti wapi? Wewe na mimi tumelichukua kama maneno ya ugonjwa. Mwulize, kaka. Mwulize uketi chini usubiri.

Wananiruhusu wiki ijayo. Nitakwenda kwa Ng'washi, Seni amebomoa ngazi ya mlango wake aweke mteremko wa udongo kwa ajili yangu. Magongo yananiumiza kwapa. Nitajifunza.

Verediana


Kijijini kwa Esnath,
18 Julai 2024

Mdogo wangu,

Siku tano za mwanzo hakutaka nifike uwanjani kwa bibi Tekla. Nilikaa ng'ambo ya njia, nikachanja kuni za bibi, nikaenda. Siku ya sita aliniletea maji ya kunywa. "Baba, unafanya kazi sana," akasema. "Mke wako yuko wapi?" Nikamjibu hajambo, nilimkosea. Akasema, "Pole," akarudi kwenye mahindi yake.

Juzi nikaketi, nikachukua hindi na mimi. Nikamwuliza, "Mama, hospitali unakwenda kuripoti kama nani?"

Akanishangaa. "Kama mwanafunzi wa uuguzi."

Alieleza kama jambo la wiki iliyopita. Alichaguliwa chuo. Barua ilifika kwa paroko, paroko akampa baba yake, baba yake akaiweka chini ya pipa la mahindi. Aliikuta mwenyewe alipokuwa anafagia, tarehe ya kuripoti imepita siku kumi na moja. Alimwendea baba yake na barua mkononi. Baba akamwonyesha zizini: ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika siku hiyohiyo. "Ni wa watu wa Nyololo," akaniambia Bertha. "Kuna mwalimu huko."

Verediana, ng'ombe wale nilikwenda nao mimi mwenyewe. Nakumbuka binti aliyesimama mlangoni ameshika karatasi. Nilidhani ni cheti cha ubatizo.

Nilimwuliza, "Mwalimu huyo hukumwambia?" Miaka arobaini na moja tumelala kitanda kimoja. Nilikuwa nauliza kama mtu anayeomba.

Akapukuchua hindi zima kabla hajajibu. "Nilingoja aniulize," akasema. "Kazi yake si kuuliza maswali?"

Tangu hapo namwuliza kila siku. Jana ameniambia jina la mbuzi aliyekuwa anamchunga, na kwamba alikuwa anamhofia Timotheo wetu asife hata kabla hajaugua. Mengine yanajirudia, mengine sijui kama ni kweli. Kuna siku hataki kusema, ananifukuza, naondoka. Bado ananipiga nikimsogelea vibaya. Usidhani amepona, hatapona. Usiku nasikia hofu ileile.

Esnath ameongea na mwenzenu wa kujitolea wa Nyololo, atakuwa anafika Jumatatu na Ijumaa. Obeid alinipeleka nyumbani siku moja, nikapita nyumba nne za majirani nikawaambia kila kitu, na kamba pia. Mmoja alinifungia mlango. Watatu wamesema watakaa na Bertha kwa zamu nikiwa shambani. Viazi vilivyobaki nimewaambia wachimbe wao.

Leo asubuhi nilimwuliza kama angekubali twende Nyololo.

"Nyololo kuna nini?"

Nikamweleza, kama kijana anayeposa. Nyumba ina madirisha mawili yanayotazama miti ya misonobari. Kuna kuku saba. Kuna baridi, lakini jiko ni zuri. Kuna mzee mmoja anapika uji usio na ladha. Hakuna atakayekushika usipotaka.

Akajifunga kitenge upya, akamtazama bibi Tekla, akanitazama mimi.

"Nitakwenda kupaona," akasema. "Nisipopapenda, utanirudisha hapa."

Nimemwahidi, Verediana, mbele ya bibi Tekla na Esnath. Gari letu ni la kesho saa nne. Nimeuliza pia la kurudi linapita saa ngapi.

Kaka yako,
Danieli